Kiitikio cha Mama Mapacha

Kila mwaka, siku ya kumbukumbu ya harusi yao, fundi saa ambaye mtaa mzima ulimwita Sekunde alimtungia mkewe wimbo. Hakuwa na mambo mengi: gitaa, simu kuukuu ya kurekodia, na mkewe mwenyewe kwenye kiitikio. Wakimaliza walichekana mpaka chai ikapoa.

Mwaka huu Sekunde alitaka makubwa. Alidunduliza, akanunua programu ya muziki ya bei mbaya, ile wanayotumia wenye majina, akaiweka kwenye kompyuta katikati ya meza ya kazi. Saa za watu zikasogezwa pembeni. Miezi miwili alikuwa akichagua ngoma tu, na gitaa likashika vumbi ukutani.

"Baba Mapacha, wimbo umefika wapi?" mkewe, aliyekuwa nesi, aliuliza kila akivua viatu vya kazini.

"Bado naunyoosha."

"Wimbo au shati?"

Siku yenyewe alimkalisha kabla hajaenda zamu, akamvisha spika za masikioni. Sauti ya mkewe ilikuwa imerekodiwa wiki moja kabla, kisha programu ikaisahihisha: kila neno juu ya mdundo, kama mshale wa saa mpya. Sekunde, kioo cha kukuzia saa kimebanwa jichoni, alimkodolea macho akisubiri tabasamu.

Mkewe alisikiliza mpaka mwisho, akazivua taratibu.

"Anaimba vizuri. Nani huyu?"

"Acha utani, Mama Mapacha. Si wewe!"

"Mimi?" Alicheka, lakini kicheko hakikufika machoni. "Basi umepata mwenzangu, tena ana adabu kunizidi. Anasubiri aanziwe." Akachukua mkoba, akatoka.

Anasubiri. Sekunde alilirudia neno hilo. Mkewe alikuwa amesubiri lini? Siku ya harusi aliitikia "Namkubali" kabla msajili hajamaliza kuuliza, ukumbi mzima ukaangua kicheko, na bwana harusi akajua palepale kwamba amepata mtu. Katika nyimbo zao zote aliingia mapema hivyohivyo. Naye, mume mzima, amenunua mashine ya kumfundisha kusubiri!

Alinyakua gitaa na simu, akamkimbilia kwenye ngazi, kioo cha kukuzia bado kimebanwa jichoni.

"Dakika mbili tu, mke wangu."

"Nitachelewa zamu."

"Wewe? Wewe ulishachelewa wapi?"

Mkewe aliuma midomo asicheke. Sekunde aliegemeza simu kwenye ukuta, akapiga gitaa, akahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu...

"Nipo, tena nipo!" mkewe akaingia, nne haijatajwa.

Sekunde alicheka, kidole kikateleza kwenye uzi, jirani akafungua mlango kuona kuna nini. Hawakusimama.

Jioni alipouhamishia wimbo kwenye kompyuta, programu ilimwuliza kama irekebishe makosa iliyoyaona. Sekunde alibonyeza hapana, akazirudisha saa za watu katikati ya meza.