Kitaab za Alhamisi

Ukurasa wa Facebook wa maktaba ulikuwa na wafuasi mia moja na sita, na Qabale, mkutubi wake, aliwajua karibu wote: wakutubi wa kaunti nyingine, binamu zake, na mtu mmoja asiyejulikana aliyeuza dawa za kuotesha nywele. Kila Jumatatu aliweka picha ya jalada la kitabu na Kiingereza kilichonyooka. Wafuasi walibonyeza laiki. Hakuna aliyekuja.

Na watu walitakiwa waje. Afisa mmoja wa kaunti alikuwa amepita, akatazama viti vitupu, akasema mwezi ukiisha hali ikiwa ile ile, chumba cha kusomea kitageuzwa stoo ya mafaili. Alisema kwa upole, kama mtu anayeomba maji ya kunywa. Qabale alikasirika hadi masikio yakawaka moto. Lakini viti vilikuwa vitupu kweli.

Aliyemfungua macho ni Abiba, mfagiaji wa maktaba. Alimwambia watu wa Isiolo hawasomi matangazo, wanayasikiliza. Kila mtaa una kundi lake la WhatsApp, na lenye nguvu kuliko yote ni la akina mama wa Chechelesi. Admin wake ni Halimo, muuza maziwa ya ngamia, na jambo lisilopita kwa Halimo halijatangazwa. Basi Qabale akajirekodi. Alianza kwa Kiborana, lugha aliyokua nayo Kulamawe. Kisha, kwa kutaka kuwafurahisha akina mama wa Kisomali, akarudia kwa Kisomali cha kuokoteza sokoni. Hapo ndipo alipojichongea.

Alitaka kusema kwamba Alhamisi maktaba itatoa vitabu vilivyochakaa, anayetaka aje achukue bure. Sasa, Msomali kitabu cha kawaida hukiita buug. Ukimtajia kitaab, akili yake inakwenda kwenye Kurani. Qabale, aliyezoea neno kitabu la Kiswahili na kitaaba la Kiborana, alisema kitaab mara tatu, tena kwa madaha. Na pale alipotaka kusema "kutoa", likamtoka neno la "kutupa".

Kufikia Jumatano jioni sauti yake ilikuwa imezunguka mji mzima na kurudi hadi kwao Kulamawe. Ilikuwa ikiwaambia Waislamu kwamba kesho maktaba itatupa Kurani kuukuu.

Asubuhi ya Alhamisi aliwakuta akina mama wamejaa mlangoni. Hakuna aliyepiga kelele. Kila mama alikuwa ameshika kitambaa cheupe, kimefuliwa na kukunjwa vizuri, kwa maana Kurani iliyochakaa hufungwa kwa kitambaa safi, ikazikwa mahali pasipokanyagwa na mtu. Walikuja kuzistiri. Qabale aliona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe.

Halimo alikuwa mbele. "Kitaab iko wapi?" aliuliza.

"Mama, nilikosea neno. Ni buug. Hakuna Kurani ya kutupa hapa. Ingieni muangalie wenyewe."

Waliingia, wakakagua maboksi yote, ukurasa kwa ukurasa: historia ya darasa la nne, kitabu cha kutengeneza redio, hadithi za sungura. Mmoja alicheza tena ile rekodi kwenye simu, akaanza kucheka, na wengine wakamfuata. Qabale naye akawaeleza yote bila kuficha, ya viti, ya afisa na ya stoo. Kisha akamwomba Halimo aandike kwenye kundi kwamba yalikuwa makosa, iwe maandishi, mtu asije akasikia vibaya tena.

Halimo akamvuta kando hadi kwenye rafu za mwisho.

"Kuandika mimi sijui," alisema polepole. "Hiyo group nimekuwa admin miaka nne. Mtu akiandika, nangoja mjukuu atoke shule anisomee. Siku ingine watu wanatukanana huko, na mimi naweka tu kidole gumba."

Qabale hakucheka. Alikumbuka Kiingereza chake cha kila Jumatatu, akajiuliza miaka yote hiyo alikuwa akiongea na nani.

Halimo alirekodi kwa Kisomali, na Qabale alielewa vya kutosha: kwamba kitaab hakuna, ameangalia kwa macho yake, kwamba msichana ni mtu mzuri ila Kisomali chake ni kibovu, na kwamba anayetaka kujua kusoma simu yake mwenyewe aje Jumamosi saa nane. Qabale hakuwa ameulizwa.

Walikuja kumi na tisa. Somo lilikuwa jumbe zao wenyewe, na sentensi ya kwanza Halimo kuisoma peke yake, herufi moja moja, ilikuwa ya jirani aliyedai maziwa ya Halimo yana maji. Siku hiyo hakuna aliyeweza kumtuliza. Jumatatu alirudi, tena mapema, na kutoka hapo wakawa wanakuja kila siku.

Mwezi ulipoisha, afisa alirejea na futi ya kupimia chumba. Viti havikutosha, kwa hiyo nusu ya akina mama walikuwa wamekaa kwenye mikeka hadi mlangoni, simu mkononi, midomo ikitembea. Afisa alisita, akatafuta pa kukanyaga. Halimo akainua kichwa, akamtazama miguuni.

"Vua viatu," alimwambia. "Hapa watu wanasoma."