Dakika Hamsini na Tano

Kutoka mji wa Trinidad mpaka mji wa Magdalena ni karibu kilomita mia mbili angani, dakika hamsini na tano kama upepo hausumbui. Bibi Saturnina alizijua dakika hizo, lakini miaka tisa ilipita hajathubutu kuzipanda. Aliogopa ndege. Alikuwa akingoja kiangazi apite barabarani, na kila kiangazi kilikuja na udhuru wake: mara goti, mara kuku wanaatamia, mara mjukuu anazaliwa.

Sasa mdogo wake Delmira, aliyekaa Magdalena na ambaye hakuwa amemwona miaka yote hiyo tisa, macho yalikuwa yanamzimika. "Dada," alisema kwenye simu, "huku kwangu mchana umekuwa kama magharibi. Njoo nikuone ningali naona." Na barabara ilikuwa chini ya maji, kama kila Februari.

Ndiyo maana asubuhi hiyo alisimama kwenye kiwanja cha ndege mbele ya mizani ya kupimia nyama. Ndege yenyewe ilikuwa ndogo, ya abiria watano. Aliambiwa mzigo usizidi kilo kumi. Basi kikapu kilikuwa kilo kumi kamili, na vilivyozidi alivishonea ndani ya gauni: mabonge manne ya jibini, mfuko wa unga wa muhogo wa kukaanga, chupa ya asali.

"Na wewe panda mizani, bibi," akasema rubani Rómulo.

"Mimi nami ni mzigo?"

"Kule juu sote mizigo."

Akapanda. Rómulo akatazama daftari lake. "Juzi uliniambia kilo hamsini na nane. Hapa naona sabini na moja."

"Nimekula vizuri."

Eliodoro, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyekuja kumsindikiza mkewe, akaangua kicheko. "Mama, niambie unakula nini, nikawape ndama wangu!"

Bonge moja la jibini likachomoka ndani ya gauni, likadondoka miguuni pa Saturnina.

Rómulo hakucheka. Alionyesha kiwanja, nyasi zimelowa na matope yanang'aa. "Kwa uzito huu siinuki. Punguza, au ungoje Alhamisi, mvua ikituruhusu."

Saturnina akaenda nyuma ya mapipa ya mafuta, akafumua nyuzi kwa meno, akavitoa vyote. Aliporudi, mizani ilisema sitini na tatu.

"Bado, bibi."

"Hamsini na nane ilikuwa ya siku ya harusi yangu," akakiri kwa sauti ndogo.

Kilichobaki ni kikapu. Miaka yote tisa alikuwa akijiona anashuka Magdalena amejaza mikono, maana kwao mtu haendi kwa nduguye mikono mitupu. Akaiwazia Alhamisi. Akayawazia yale macho. Kisha akamsukumia Eliodoro kikapu.

"Chukua. Kula, ufunge mdomo."

Angani hakufumbua macho. Alimuuliza Rómulo zimebaki dakika ngapi, akaambiwa arobaini. Akauliza tena, akaambiwa thelathini na nane.

Magdalena jua lilikuwa kali. Delmira alisimama kando ya uzio ameshika mkono wa binti yake, akigeuza uso huku na huku kila abiria aliposhuka.

"Delmira, mdogo wangu. Sikukuletea kitu."

"Nyamaza. Sogea hapa kwenye jua. Vua kofia."

Saturnina akavua kofia. Mdogo wake akamsogelea mpaka pumzi zao zikakutana, akaanza kumtazama toka paji la uso, akashuka taratibu, bila haraka yoyote.

"Usitikisike," akasema. "Bado sijafika kidevuni."