Goti la Mama Ngazi

Jumanne asubuhi, baada ya chai, Mama Ngazi alikata kuponi moja kwa mkasi wa kushonea, akifuata mistari ya nukta bila kuivuka. Kijitabu cha kuponi alipewa na kasino siku aliyostaafu, pamoja na kupeana mikono na kupigwa picha. Miaka kumi na tisa alisugua ngazi za kasino hiyo akiwa amepiga magoti, ngazi tisini na sita kila siku, kwa sababu msimamizi hakutaka kusikia habari za brashi yenye mpini. Mpini, alisema, haufiki pembeni. Goti la kushoto likafa kazini. Jina la Mama Ngazi likabaki.

Sasa binti yake alikuwa amejifungua kwa upasuaji, ghorofa ya nne, kwenye jengo ambalo lifti yake ilishasahau kazi. Daktari alimkataza binti kushuka ngazi, goti likamkataza mama kupanda. Kwa wiki tatu Mama Ngazi alisimama barabarani akionyeshwa mjukuu dirishani. Hakujua hata kama ana nywele, na jambo hilo lilimuuma kuliko goti.

Wifi yake alimsindikiza. Kasino ilikuwa tupu, inanuka sabuni. Mama Ngazi alijivuta mpaka meza ya mchezo wa karata wa ishirini na moja, akapanda kiti, akaweka kuponi mezani. Kisha akafungua goti lake zima, la kulia, kama mtu anavyovua saa, akaliweka juu ya kuponi.

Mgawa karata alisoma kuponi pande zote mbili. Iliandikwa kwamba mteja akishinda, kasino itamlipa kitu kinacholingana na alichoweka. Haikusema kitu gani. Akamwita msimamizi, naye akavaa miwani, akalibonyeza goti kwa kidole, akatia saini.

"Liweke katikati, mama," alisema. "Lisiguse ukingo."

"Wifi, ukilipoteza na hilo utatembeaje?" wifi yake akamuuliza.

"Utanibeba. Miaka yote unayokula kwangu, hizo nguvu unamwekea nani?"

Wifi alicheka, lakini akashika mkoba kwa mikono miwili.

Karata zikagawiwa. Mama Ngazi alipata saba na tano. Mgawa karata alionyesha mfalme.

"Tulia hapo hapo," wifi alinong'ona.

"Kumi na mbili hazimpandishi mtu ghorofa ya nne. Ongeza, baba."

Ikaja nne. Wifi akafumba macho. Ikizidi ishirini na moja, goti limekwenda.

"Ongeza."

Ikaja tatu. Kumi na tisa, sawasawa na miaka yake ya kazi. Mama Ngazi akafunika karata kwa kiganja, akasema imetosha. Mgawa karata akafunua yake ya pili: nane. Mfalme na nane ni kumi na nane, na sheria ya meza haikumruhusu kuongeza.

"Hongera, mama," alisema mgawa karata, na alimaanisha.

Msimamizi alikwenda stoo, akarudi na goti kwenye sinia, limefungwa kikaratasi kwa uzi. Mama Ngazi aliligeuza. Lilikuwa na kovu dogo la baiskeli aliyoanguka nayo akiwa na miaka tisa. Kwenye kikaratasi iliandikwa namba yake ya kazi.

"Hili ni langu."

"Ni lako, ndiyo. Huwa tunayatunza vizuri sana."

"Mbona hamkunipa nilipoondoka?"

"Hukuomba, mama. Na fomu ya kuombea haijachapishwa."

Mama Ngazi alivaa magoti yake yote mawili. Lile bovu alitaka kumwachia mgawa karata kama bakshishi, akaambiwa bakshishi za namna hiyo haziruhusiwi, basi wifi akalitia mkobani akilalamika uzito.

Saa sita walikuwa ghorofa ya nne. Wifi alifika mwisho, anahema, anaomba maji na kiti. Mama Ngazi alikuwa ameshampakata mjukuu. Alikuwa na nywele, nyingi mno, zimesimama wima kama za babu yake. Bibi alicheka mpaka akatoa machozi, na mtoto akamjambia mkononi.

Jumanne iliyofuata alipita kasino kusalimia. Kwenye ngazi alimkuta mfanyakazi mpya, binti mwenye ndoo, amepiga magoti. Mlango wa stoo ulikuwa wazi. Ndani, msimamizi alikuwa akiandika namba kwenye kikaratasi kipya.

Mama Ngazi akatoa kijitabu chake, akakata kuponi kwa uangalifu, akampa yule binti.

"Itunze, mwanangu."

"Inaisha lini, mama?"

"Haiishi."

Binti alishukuru kwa adabu, akaitia mfukoni, akahamia ngazi ya pili, goti la kushoto kwanza.