Pumzi Iliyobaki Kwenye Kioo

Saa nne asubuhi, wakati wa chai, chombo cha maua cha samawati kilikohoa mara tatu na kuingia ukungu kwa ndani. Msafishaji alikipangusa, kisha akaendelea na rafu ya pili. Wenzake dukani walimwita Kitambaa, naye hakuwahi kuwakataza.

Chombo kilikuwa na wiki ya tatu pale kwenye duka la vitu vya kale, hakina bei wala lebo, kwa sababu hakikuwa na alama. Chini ya kitako, mahali ambapo fundi huchonga jina lake, palikuwa patupu. Mthamini alikikagua kwa lenzi, akakigonga kwa ukucha, akaandika daftarini: Kioo cha kupuliza. Umri miaka hamsini hivi. Kiputo kimoja cha hewa shingoni. Kinakohoa.

"Kikohozi kikavu?" aliuliza mwenye duka.

"Kikavu."

"Afadhali. Hakitachafua rafu."

Kitambaa alikijua kikohozi kile. Alikulia akikisikia kutoka chumba cha pili. Mama yake alipuliza kioo miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha ng'ambo ya reli, na siku hizi akitoka kitandani kwenda mlangoni hupumzika mara mbili. Daktari aliinua picha ya kifua kwenye mwanga, akasema pumzi nyingine haimo, mgonjwa ameiacha mahali. Akamwandikia dawa ya kifua hata hivyo.

Ilimchukua Kitambaa siku nne kupata maneno.

"Samahani, mzee. Hiyo mistari ndani ya kioo inazunguka kushoto."

Mthamini akakigeuza chombo. Kweli. Mafundi wote anaowajua huzungusha bomba la kupulizia kulia.

"Mama yangu ni wa mkono wa kushoto," alisema Kitambaa. "Kiwandani walimkemea mpaka wakachoka wao."

"Mlete."

Mama alikuja Jumamosi. Ngazi sita za duka zilimmaliza. Alipewa kiti, akapewa na chombo, akakipapasa kitako kwa kidole gumba kama mtu anayempima mtoto joto. Kisha akaweka mdomo kwenye ukingo wake, akavuta pumzi. Kiputo cha shingoni kikapungua, kikaisha. Mama akasimama, akashuka zile ngazi sita na kuzipanda tena bila kushika ukuta.

"Mwanangu, umeniona?"

"Nimekuona, mama."

"Mama, tafadhali uirudishe," alisema mthamini kwa upole. "Bila kiputo chombo si kilekile."

Mama alikuwa ametii wasimamizi miaka mingi. Alipuliza, kiputo kikarudi mahali pake, naye akarudi kwenye kiti.

"Basi andikeni jina langu," alisema alipoweza.

"Fundi ni wewe, sibishi. Lakini kitabu cha kiwanda kina jina moja tu, la bwana mwenye kiwanda."

"Yule? Yule alikuwa haingii chumba cha tanuru. Joto lilimtoa vipele."

"Ndiye aliyeandikwa, mama."

Jumatatu lebo ilikuwa tayari. Ilikuwa na jina la mwenye kiwanda, na chini yake, kwa herufi ndogo, maelezo kwamba bwana huyo alitumia mkono wa kushoto. Mwenye duka aliisoma mara mbili, akaridhika. Chombo kikahamishiwa kwenye kabati la mbele, lenye kufuli. Saa nne kilikohoa, na mteja mmoja akakisogezea uso ili asikie vizuri.

Jioni mama alikuwa amelala ubavu, ameelekea ukutani.

"Kimekohoa leo?"

"Mara tatu."

"Umekipangusa?"

"Nimekipangusa."

"Ndani pia?"

"Ndani pia, mama."

"Vizuri." Alipumzika kidogo katikati ya maneno. "Ukungu ukikauka unaacha doa. Watu watasema fundi alikuwa mchafu."