Watoto wa Mzee Mulinge

Nilianza kazi ya kuandika nyumbani kwangu hapa Migwani mwaka wa pili baada ya kumzika mume wangu. Historia yake ya kusomwa mazishini niliandika mwenyewe, kwa sababu wengine wote walikuwa wanalia na mimi nilikuwa nimelia nikamaliza. Ikasomwa, watu wakauliza ni mwalimu gani ameandika. Nikasema ni mimi, wa darasa la saba.

Basi wakaanza kuja. Mmoja anataka historia ya babake, mwingine barua ya kuombea mtoto karo, mwingine maneno ya shukrani ya kusoma harusini. Nikasogeza meza karibu na dirisha, nikanunua madaftari, nikamshukuru Mungu.

Jirani yangu Syokau alinicheka. "Mama Muthama, sasa wewe ukisikia mtu ni mgonjwa unachonga penseli?"

"Nyamaza. Yako nitaandika bure, lakini nitasema ukweli wote."

"Ukweli wote? Basi wacha nisikufe kwanza."

Kazi yenyewe ni hivi. Napewa majina na mambo ya marehemu, naandika kwa daftari, nawasomea wenyewe, halafu wanaenda nalo mjini kuchapisha. Kompyuta sina, na sijui kuitumia.

Mzee Mulinge alipofariki, mtoto wake wa kwanza, Kitonga, alikuja na karatasi ya majina. Watoto walikuwa sita. Nikaisoma mara mbili.

"Nzisa hayuko hapa."

"Nzisa gani?"

"Kitonga. Nzisa wa Makindu."

Nzisa alizaliwa na Wamucii, mama aliyekuwa akiuza nguo Makindu wakati Mzee alikuwa na duka huko. Wamucii alikufa mapema na Mzee akamsomesha msichana. Miaka mitatu iliyopita alimleta kanisani kwetu, akamsimamisha mbele, akasema, "Huyu ni damu yangu." Mimi nilikuwa benchi ya pili. Kitonga alikuwa nyuma yangu, nikamsikia akikohoa.

"Mwaitu," Kitonga akaniambia, vile kwetu mtu humwita mama anayemheshimu, "tumekuita kuandika, si kuhesabu watoto."

"Ikiwa na uongo siandiki. Tafuta mwingine."

Akageukia dirisha, akasema, "Haya. Andika."

Nikaandika. Nikaenda kwao nikawasomea yote, Nzisa akiwa wa saba, na hakuna aliyepinga. Nikamwambia Kitonga atuombee. Akasimama, akashika lile daftari kwa mikono miwili, akaomba, akasema amina. Kwetu jambo likishaombewa limefungwa. Kwa hivyo sikuuliza kama nitaona karatasi ya mazishi kabla ichapishwe. Niliomba kitu kimoja tu, jina langu liwekwe chini, watu wajue mwandishi.

Nzisa akanipigia simu. "Mama, nimeambiwa wewe ndiye unaandika."

"Ni mimi."

"Kaburini watoto huitwa kwa hiyo karatasi, waje waweke udongo. Nikikosa kuitwa mbele ya ukoo wote, kesho nitasema mimi ni wa nani? Niweke hata mwisho."

"Uko wa saba. Tulia, mwanangu."

Siku ya mazishi nikapewa programu kama watu wengine. Karatasi ilikuwa ya kung'aa, yenye picha za rangi. Maneno yalikuwa yangu yote, hata koma zilikuwa mahali pake. Nikafika kwa watoto. Sita. Nikahesabu kwa kidole. Sita. Na chini kabisa: Imeandikwa na Mama Muthama, Migwani.

Nilimpata Kitonga kando ya hema. "Nzisa ako wapi?"

"Nafasi iliisha, mwaitu. Karatasi ni ndogo."

"Kuna picha ya ng'ombe hapa."

"Mzee alipenda ng'ombe."

"Uliomba, Kitonga. Ulishika daftari ukaomba."

"Niliomba Mungu atufariji. Sikuomba juu ya majina."

Daftari lilikuwa limebaki kwake, na mimi sikuwa na nakala. Nikaenda kwa pasta. Akanishika mkono kwa upole. "Dada, programu ni ya familia. Tukianza kuongeza watu hapa tutaleta vita juu ya jeneza. Tuliweke kwa maombi." Nikaenda kwa MC aliyekuwa akiongoza mazishi. Akageuza karatasi akanionyesha kwa kidole. "Mama, mimi nasoma kilichoandikwa. Na naona umeandika wewe."

Nilipogeuka, Nzisa alikuwa nyuma yangu na karatasi yake mkononi.

"Mama, si uliniambia niko wa saba?"

"Niliandika."

"Wapi?"

Sikuwa na kitu cha kumwonyesha.

Kaburini MC akaanza kuita. Mke wa marehemu. Watoto, jina kwa jina. Nzisa akainua mguu, akaangalia wale sita wakipita, akaurudisha. Wakaitwa wakwe, wajukuu, wajomba, watu wa kanisa, wenzake wa soko. Mimi nilikuwa nasema moyoni, Bwana, mfanye hata mtu mmoja aseme. Halafu nikakumbuka mimi pia nina mdomo. Nikapaza sauti, "Bado mtoto mmoja!" MC akaanzisha wimbo, akina mama wakaupokea, na mimi, sijui ni nini, nikajikuta naimba nao.

Mwisho wakaitwa majirani na marafiki. Hao ni sisi. Nzisa akaja akasimama kando yangu.

"Twende," nikamwambia.

Akachota udongo, akaushika kwa ngumi bila kuuachilia.

"Dada, harakisha, watu ni wengi," MC akasema kwa maiki.

Akaachilia.

Tulipokuwa tunatoka, nyanya mmoja wa ukoo, dada ya Mzee, akamshika Nzisa kidevu. "Wewe msichana una uso naujua. Ni wa nani?"

Nzisa aliniangalia mimi.

"Ni wa Mzee," nikasema. "Ni mtoto wake."

Nyanya akavaa miwani, akafungua programu, akapitisha kidole jina kwa jina mpaka chini.

"Hapa simwoni," akasema, akaikunja, akaenda kupanga laini ya chakula.