Fahali wa Muuza Nyama

Mkono wangu wa kulia ulianza kutetemeka mwaka jana, baada ya homa iliyonilaza wiki tatu. Mwingine angemshukuru Mungu kwa kupona. Mimi nilinuna, maana nachora wanyama, na sifa yangu ilikuwa kwamba kwenye picha zangu unaweza kuhesabu nywele za sikio la ng'ombe.

Muuza nyama wa mtaani kwetu alikuwa ameagiza fahali wawili wakipigana, rangi ya mafuta, turubai kubwa. Anawachinja, kisha anataka kuwatukuza ukutani. Si kazi yangu kuuliza. Nilijiapia kwamba fahali hao wakinishinda, naacha kuchora.

Siku nne nilihangaika na brashi nyembamba. Kila unywele ulitoka umepinda, naufuta, narudia, unapinda tena. Siku ya tano niliitupa brashi ukutani na kutukana.

Mke wangu akaingia. Huyu amekulia kwa wafugaji.

"Baba watoto, unagombana na nani?"

"Na mkono."

Aliitazama turubai. "Umewahi kuona fahali wakipigana?"

"Mara nyingi."

"Nywele zao uliziona?"

Nikainama kuiokota brashi.

"Mimi sikuziona, nilikuwa natimua mbio! Niliona shingo, vumbi, na uzito unanijia. Si uchore hayo?"

Akaniletea brashi pana tuliyopakia rangi milango. Kwa hasira niliichovya kwenye kahawia nzito, liwalo na liwe, nikalipiga bega la fahali kwa mkupuo mmoja, kwa mkono wote. Mtetemeko haukuondoka. Uliingia kwenye rangi, ukaacha matuta na mabonde pale msuli unapokaza. Nikapiga shingo. Vumbi nililipata kwa kuburuta brashi iliyokaribia kukauka. Sikufuta kitu. Kufika saa kumi jioni mgongo uliniuma, na fahali walikuwa wamegongana vichwa kwelikweli.

Nikamwita mke wangu. Kwa miaka thelathini na moja mwanamke huyu ameniambia "nzuri" kwa kila picha, kwa sauti ile ile anayosifia nayo watoto wa wageni. Safari hii alifika mlangoni, akaikusanya nguo yake kwa mikono miwili kama anayetaka kukimbia, akarudi nyuma hatua moja.

Hakusema nzuri.

Nilimshukuru pale pale, machozi yakinitoka bila aibu. Nilimshukuru kwa ile brashi, na kwa miaka yote aliyonidanganya ili nisiache kuchora.