Wali wa Gharib

Mwaka 1987 ofisi yetu ya mipango ya kilimo ilikuwa na kila kitu isipokuwa jiko. Tulikuwa na ramani za mabonde ukuta mzima, tulikuwa na mashine ya chapa yenye kelele, na wakubwa ndio usiseme. Basi ilipofika siku ya kuonja wali, Bwana Mahfoudh, mkuu wetu, alinigeukia mimi.

"Khawla, si nyumba yenu ipo hapa nyuma tu? Na mama yako si ndiye Bi Nunu?"

Mji mzima ulimjua mama yangu kwa mapishi. Nilikubali, na hata sasa nimestaafu, nikipita pale kwetu Mkunazini harufu ya siku ile hunijia, na moyo huitamani.

Jambo lenyewe halikuwa la mchezo. Mifereji ilikuwa ikichimbwa katika mabonde ya mpunga ili Unguja ipunguze kungojea mchele wa meli, hasa mwaka wa njaa, na mpango ulitaka mbegu moja tu, ipandwe mabonde yote. Zilibaki tatu za kuchagua. Mbili zilikuwa za kunukia, wakulima wakizijua tangu zamani, lakini zilichelewa kuiva. Ya tatu ilikuwa ya Gharib.

Gharib alikuwa mwenzangu ofisini, kijana wa Kizimkazi, mrefu, mpole mpaka anakera. Miaka saba aliilea mbegu ile kwenye shamba la majaribio, na sifa yake ilikuwa moja: ilivunwa mapema, kabla mvua haijakata, hata mwaka wa ukame. Ikichaguliwa, jasho lake lingeonekana katika kila bonde la kisiwa. Isipochaguliwa, shamba lile lingepewa kazi nyingine, na mbegu ndiyo basi tena. Asubuhi ile alikuja kwetu amevaa shati jeupe lililopigwa pasi kama anakwenda kuposa.

"Shikamoo, Bi Nunu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo? Huko ofisini hamli?"

Bwana Mahfoudh akamweleza mama masharti. Sufuria tatu, kila moja na namba yake, wala waonjaji wasiambiwe ipi ni ya nani. Maji na chumvi, basi, kisizidi kitu. Mama alimsikiliza kwa adabu zote, kama alivyowasikiliza siku zote watu aliokwisha kuamua kutowatii. Mimi nilimjua, lakini nilikuwa na mikeka ya kutandika.

Waonjaji walikuwa wakulima wa Cheju na Mtwango, wengi wao wanawake, wakakaa uani kwetu. Sufuria ya kwanza walikula wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Ya pili hali kadhalika. Ya tatu, ambayo ndiyo ya Gharib, sahani zikaanza kurudi tupu. Bi Mwatum wa Cheju akauliza kama umebaki kidogo. Mikono ilipoinuliwa, ya tatu ilizishinda zote kwa mbali.

Nilimtazama Gharib kwa furaha. Alikuwa amepewa sahani yake naye, ametia tonge la kwanza mdomoni. Nikauona uso wake ukibadilika.

"Huu una tui," alisema.

Watu wote wakamgeukia mama, aliyesimama mlango wa jikoni na upawa wake.

"Una tui na hiliki," mama akajibu bila wasiwasi. "Nimeuonja ukiwa mtupu, nikaona haya. Wageni wametoka shamba asubuhi na mapema, niwape wali ule? Nyumbani kwangu?"

Wakulima walicheka mpaka wakapigana mabega. Bwana Mahfoudh hakucheka. Alifuta kura za sufuria ya tatu, akaandika kuwa iliyoshinda ni ya kwanza, akaagiza wageni wapelekwe garini. Mimi nilijawa na hasira, na sikumkasirikia mama, nilimkasirikia Gharib. Angenyamaza tu, nani angemuuliza?

Mama na Gharib wote wawili wameshatangulia mbele ya haki. Katika miaka yangu yote ya mipango na mikutano, kitu ninachokikumbuka kwa mapenzi ni lile jiko letu dogo la nyuma, seredani ya makaa bado ina moto, mama akimwita Gharib aje ale kilichobaki, naye akikaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, shati lake jeupe limeshaingia masizi.

"Miaka saba naupika mchele huu," alisema, "skujua kama unaweza kuwa hivi."

"Sasa kwa nini ulisema?" mama akamuuliza.

"Mpango huu ni wa mwaka wa njaa, mama. Mwaka wa njaa mtu huuza hata nazi zake. Tui atalitoa wapi? Nsingeweza kuwadanganya."

Mama alimkwangulia ukoko, akamwekea pembeni mwa sahani. Alikuwa akiwaza.

"Na mwaka wa njaa," akasema polepole, "nani anauliza utamu?"

Gharib aliacha kutafuna. Kisha akaweka sahani chini, akatoka mbio mpaka barabarani, ili mkuu wetu alisikie neno lile. Bwana Mahfoudh alikuwa ameshaondoka.